Mstari wa 87

Ukitaka programu ya kompyuta isimame mahali fulani, unabofya pembeni mwa mstari wa msimbo na nukta nyekundu inajitokeza. Nukta hiyo ndiyo brekipointi. Ukiianzisha programu chini ya uangalizi wa dibaga, itakimbia kama kawaida mpaka ifike kwenye mstari ule, kisha itaganda. Hapo unaweza kupekua kila kitu: jina la mteja, kiasi alicholipa, jumla iliyokwisha kuhesabiwa. Ni kama kumsimamisha mtu aliye mbioni, ukatazama kilichomo mifukoni mwake, kisha ukamwachia aendelee bila yeye kujua kuwa alisimama.

Siku nyingine nukta ipo, programu inakimbia, jibu linatoka, na hakuna kilichosimama. Anayeanza kazi hii huikasirikia dibaga. Huifunga na kuifungua, huizima kompyuta na kuiwasha, hubofya nukta mara tatu kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti. Nimekuwa nikiandika na kutengeneza programu hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa, na siku hizi nukta ikigoma hivyo naacha kubofya. Naanza kuuliza ni nini hasa kinachokimbia.

Brekipointi ni jambo la zamani kuliko skrini tunazozitazama. ENIAC, kompyuta iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, na kuoneshwa kwa umma Februari 1946, ilikuwa na vali za umeme zipatazo 18,000 na ilijaza chumba kizima. Programu zake za mwanzo zilikuwa nyaya. Wanawake sita walioipangia hesabu walichomeka nyaya kutoka kitengo kimoja hadi kingine, na njia ya nyaya ndiyo ilikuwa njia ya hesabu. Mmoja wao, Betty Snyder, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Betty Holberton, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa brekipointi. Ukitaka hesabu isimame mahali fulani ili uikague, unachomoa waya wa mahali hapo. Waya ukichomoka, hesabu haina pa kupita. Hakukuwa na namna ya kuchomoa waya na hesabu ikaendelea kana kwamba hujagusa kitu.

Sisi hatuchomoi chochote. Nukta nyekundu ni ombi tu, na ombi hupitia mikono mingi kabla ya kufika. Prosesa haijui mistari wala mafaili, inajua maelekezo yaliyopangwa kwenye anwani za kumbukumbu. Anayejua mistari ni kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo wetu kwenda lugha ya mashine. Ikiombwa, kompaila huacha orodha: mstari fulani wa faili fulani umekuwa maelekezo yaliyo kwenye anwani fulani. Dibaga husoma orodha hiyo, huenda kwenye anwani iliyotajwa na, kwa prosesa za jamii ya Intel, huondoa baiti ya kwanza ya elekezo na kuweka baiti nyingine yenye thamani ya 204. Prosesa ikikutana na baiti hiyo hupiga kelele, mfumo endeshi husikia na kuiita dibaga, nayo dibaga huirudisha baiti ya awali mahali pake na kukuonesha mstari wako ukiwa umepakwa rangi.

Kila kitu hapo kinategemea orodha. Ikikosekana, au ikiwa ya toleo jingine la programu, dibaga inatega mtego kwenye njia ambayo mnyama hapiti.

Sababu za mtego kutonasa si nyingi sana, na anayezijua huzipitia moja baada ya nyingine kama fundi gari anayeanza na betri kabla ya kufungua injini. Huenda programu ilitafsiriwa kwa ajili ya watumiaji na kompaila ikaifupisha, ikaunganisha mistari na kutupa mingine, hivyo mstari uliouchagua hauna tena mwili wake. Huenda umeunganisha dibaga na programu pacha inayokimbia kwenye mashine hiyohiyo. Huenda programu imezaa mtoto na kazi inafanywa na mtoto, wakati dibaga bado inamtazama mzazi. Dibaga ya GDB hufanya hivyo usipoielekeza vingine. Kwenye kurasa za wavuti, huenda kivinjari kinatumia nakala ya jana kilichoihifadhi. Huenda brekipointi imewekewa sharti ambalo halitimii kamwe. Au sehemu hiyo ya programu bado haijapakiwa, na nukta itakuwa hai mara itakapoitwa.

Ukizitazama vizuri, nyingi kati ya hizo ni sababu moja yenye sura tofauti: msimbo ulio mbele ya macho yako si msimbo unaokimbia. Hilo ni rahisi kulisema. Nililijua kwa miaka kabla sijaona linaweza kumfanya nini mtu.

Kulikuwa na SACCOS ya wafanyabiashara wa sokoni, ambayo sitaitaja. Ilikuwa na wanachama mia kadhaa, ofisi ya vyumba viwili, na dirisha moja la marejesho. Dirishani alikaa mama mmoja mtu mzima ambaye wauza samaki na wauza vitenge walimwita Mama Karani, kana kwamba hakuwa na jina jingine. Mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, mkutano mkuu uliamua kubadili riba. Awali mkopaji alitozwa asilimia 1.5 kila mwezi ya mkopo wote aliochukua, hata akiwa amebakiza kidogo. Wanachama walitaka riba inayopungua, yaani asilimia ileile lakini ya kiasi kilichobaki. Kampuni iliyowauzia mfumo wa kompyuta ilirekebisha msimbo, mfumo ukajaribiwa, hesabu zikatoka sawa, watu wakapiga makofi.

Desemba mashine ya zamani ilianza kuzima yenyewe, ikanunuliwa nyingine na kila kitu kikahamishiwa humo. Januari ikatolewa mikopo ya ada za shule, zaidi ya arobaini kwa mpigo. Kila mkopaji alipewa ratiba ya marejesho ya miezi 12. Ratiba hizo Mama Karani aliziandaa kwa kikokotoo, akazipiga muhuri, akabaki na nakala. Mwanachama alilipa kama ratiba ilivyosema, akaandikiwa stakabadhi, na kwenye mfumo Mama Karani alibonyeza kitufe kimoja tu: rejesho la mwezi limelipwa. Kiasi kilichotakiwa mfumo ulijijazia wenyewe.

Februari fedha za drooni na fedha za kwenye mfumo zililingana. Machi zikapungua kidogo drooni. Aprili zikapungua zaidi, Mei zaidi ya Aprili, na mpaka mwisho wa Julai pengo lote lilikuwa limekaribia shilingi milioni moja. Taarifa ya mfumo ilitoa jumla tu, haikutenganisha riba na mkopo wenyewe. Mjumbe mmoja wa bodi, mtu aliyewahi kufanya kazi ya ukaguzi, alichora grafu kwa kalamu na rula na kusema kwamba anaijua sura ile. Ni sura ya mwizi anayezoea, alisema. Mwezi wa kwanza anaogopa, wa pili anaonja, wa tatu anagundua hakuna anayemtazama.

Bodi ilimwita fundi wa kampuni. Akaja na kompyuta yake, kijana mpole, akafungua msimbo mbele ya wajumbe na kuwaonesha mstari wa 87. Pale palikuwa na hesabu ya riba, na ilikuwa riba inayopungua kama walivyoamua. Hakudanganya, mstari ulikuwepo. Wajumbe wawili waliosoma Kiingereza cha kutosha waliusogelea na kuusoma kwa sauti. Basi mfumo ukawa umehesabu sawa, na kama mfumo umehesabu sawa, pengo liko drooni. Stakabadhi zililingana na ratiba, ndiyo, lakini nani aliandika stakabadhi, na nani aliandaa ratiba? Ama anachukua, ama anawapunguzia marafiki zake. Wiki ya kwanza ya Agosti Mama Karani aliambiwa akae nyumbani kwa nusu mshahara.

Nilifika pale kwa sababu mjumbe mmoja alikataa kupiga kura ya kumfukuza kabla mtu wa nje hajautazama mfumo. Mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye duka la nafaka, alinipokea kwa heshima na kunionya mapema.

“Mwanangu, sisi hatuna ugomvi na mama yule,” alisema. “Lakini mashine haina shemeji.”

Kabla ya kugusa mashine niliomba kuonana na Mama Karani. Nilimkuta kwake, barazani, akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akanyanyuka kuninawisha mikono kana kwamba nimekuja kula. Kisha akaleta folda ya plastiki yenye nakala za ratiba zote, zimepangwa kwa herufi za majina.

“Kila mtu ananiuliza nimezipeleka wapi,” alisema. “Hakuna aliyeniuliza nimehesabuje.”

Nikamwomba anioneshe. Mkopo wa shilingi 1,200,000, miezi 12, kila mwezi unapungua kwa 100,000. Mwezi wa kwanza riba ni 18,000. Wa pili, kwa kuwa imebaki 1,100,000, riba ni 16,500. Inashuka kwa 1,500 kila mwezi, na kwa mwaka mzima inafika 117,000. Kwa riba ya zamani ingekuwa 18,000 bila kupungua, jumla 216,000. Alikuwa akinionesha vidole vyake kwenye kikokotoo, nami nilikuwa nimekwisha kuacha kuvitazama. Tofauti ya riba hizo mbili mwezi wa kwanza ni sifuri. Mwezi wa pili ni 1,500, wa tatu 3,000, wa nne 4,500. Ile grafu ya mwizi anayezoea ilikuwa tofauti ya njia mbili za hesabu, imezidishwa kwa mikopo zaidi ya arobaini.

Lakini hiyo ilikuwa dhana. Upande wa pili kulikuwa na mstari wa 87, ambao bodi nzima iliuona kwa macho.

Jumamosi ya tatu ya Agosti, ofisi ilipofungwa mchana, nilikaa na yule fundi mbele ya mashine mpya iliyokuwa chini ya meza. Mfumo ulikuwa umeandikwa kwa Java, na Java inaruhusu dibaga iliyo kwenye kompyuta nyingine kujiunga kwa njia ya mtandao. Tuliuwasha upya ukiwa na ruhusa hiyo, nikaunganisha kompyuta yangu, nikafungua msimbo alionipa, nikaweka nukta kwenye mstari wa 87. Akaunti ya majaribio ilikuwa na mkopo wa 1,200,000 uliokwisha kulipiwa miezi sita. Fundi akabonyeza kitufe cha rejesho la saba.

Hakuna kilichosimama. Rejesho likaandikwa, na dibaga ikaniarifu kwamba kwenye mstari wa 87 wa sehemu ile hakuna elekezo lolote la kutekelezwa.

“Dibaga imegoma,” alisema fundi. “Mtandao wa hapa si mzuri.”

Inawezekana, na namna ya kujua ni kuisogeza nukta, si kuibofya tena. Nikaweka nyingine mbali kabisa na riba, mlangoni, pale mfumo unapopokea kitufe kilichobonyezwa. Tukaondoa lile rejesho, akabonyeza upya. Programu ikasimama palepale. Kwa hiyo mtandao ulikuwa mzima, na tulikuwa tumeunganisha dibaga na programu tuliyoikusudia. Kuanzia hapo nikaiongoza hatua kwa hatua, mstari mmoja baada ya mwingine, kuelekea kwenye hesabu ya riba.

Tulipoingia kwenye faili la riba, mshale wa dibaga ulianza kufanya vituko. Ulitua kwenye mstari mtupu. Ukahamia kwenye maelezo ambayo kompyuta huyaruka. Ukasimama kwenye mabano ya kufungia, ukaruka kurudi juu. Fundi aliacha kuzungumza. Mtu yeyote aliyewahi kuona hivyo anajua maana yake: dibaga inafuata orodha ya mistari ya faili moja, na kwenye skrini kuna faili jingine. Mshale haukuwa umechanganyikiwa. Ulikuwa unatembea kwa usahihi ndani ya msimbo tusiouona.

Programu ikiwa imesimama, dibaga hukuruhusu kuiuliza swali. Nikaiuliza sehemu hii ya riba umeitoa kwenye faili gani. Ikajibu kwa njia kamili ya folda, na mwishoni jina la faili lenye namba ya toleo la zamani, lile la kabla ya uamuzi wa mkutano mkuu. Katika toleo hilo faili la riba lilikuwa fupi na halikufika hata mstari wa 60. Mstari wa 87 haukuwepo, ndiyo maana hakukuwa na cha kusimamisha.

Tulifungua folda. Mafaili yote mawili yalikuwemo, la zamani na jipya, yamekaa pamoja. Siku ya marekebisho mtu aliweka jipya bila kuondoa la zamani. Java ikiambiwa ichukue mafaili yote ya folda moja, na mawili kati yake yana sehemu yenye jina lilelile, hutumia lile inalolikuta kwanza. Na lipi litakutwa kwanza? Mwongozo wa Java unasema mpangilio huo haukuainishwa, unaweza kutofautiana kati ya mashine na mashine. Kwenye mashine ya zamani jipya lilitangulia, na kwa miezi kadhaa hesabu zikatoka sawa kwa bahati. Desemba folda ilinakiliwa ilivyo, na kwenye mashine mpya likatangulia la zamani. Hakuna aliyegusa msimbo. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako.

Tukaliondoa faili la zamani, tukauwasha mfumo upya, nikairudisha nukta kwenye mstari wa 87. Fundi akabonyeza kitufe. Safari hii programu ilisimama, na mstari wa 87 ukapakwa rangi. Deni lililobaki: 600,000. Riba: 9,000. Rejesho: 109,000. Niliifungua folda ya plastiki kwenye ratiba ya mkopo kama huo, mstari wa saba. Fundi aliisoma namba kwa sauti, akavua miwani, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema ataandika barua yeye mwenyewe, kwa jina lake, siyo la kampuni. Na kweli aliiandika.

Nilitakiwa kuandika taarifa ya kurasa mbili ambayo mfanyabiashara yeyote wa sokoni angeielewa. Sikutaja prosesa wala baiti. Niliandika kwamba ofisini kulikuwa na vitabu viwili vya kanuni vyenye jalada moja. Bodi ilisomewa kitabu kipya, lakini mashine ilikuwa ikihesabu kwa kile cha zamani, na Mama Karani alikuwa akihesabu kwa kipya. Niliambatanisha jedwali la miezi na tofauti ya kila mwezi, ili yule mjumbe mwenye rula aone grafu yake imetokana na nini. Alikuja kunitafuta baada ya kikao. Hakusema mengi, aliomba tu nimwoneshe tena mwezi wa kwanza, ile sifuri.

Mama Karani alipewa barua ya kurudishwa kazini na nusu ya mshahara iliyozuiwa. Aliisoma mbele ya mwenyekiti, akaikunja, akamrudishia.

“Mzee wangu, barua ni ya kabatini,” alisema. “Maneno yalisemwa sokoni.”

Nimewasimulia kisa hiki vijana ninaowafundisha kazi, na wengi hutaka kujua amri niliyotumia kuuliza faili limetoka wapi. Nawapa, ni mstari mmoja tu. Wachache huuliza kuhusu ile siku bodi iliposoma msimbo kwa sauti. Hao ndio nakaa nao zaidi, kwa sababu siku ile kila kitu kilifanywa kwa uaminifu: fundi alionesha kilichoandikwa, wajumbe walisoma walichooneshwa, na hitimisho lilifuata. Kilichokosekana ni mtu wa kuusimamisha mfumo ukiwa kazini na kuona kama kweli unapita pale.

Mwenyekiti alikubali ombi la Mama Karani. Mwisho wa Septemba uliitishwa mkutano wa wanachama kwenye ukumbi wa shule iliyo jirani na soko, nami nikaalikwa kujibu maswali. Mzee alisimama, akaisoma barua yote, na ya fundi pia, akasema bodi ilikosea na mama yule hakuchukua hata shilingi. Watu walimtazama Mama Karani. Alikuwa amekaa safu ya tatu, folda ya plastiki mapajani. Alinyoosha mkono kama wanafunzi wanavyofanya, akapewa nafasi.

“Kesho watu wanalipa rejesho la nane,” alisema. “Kwa mkopo wa milioni moja na laki mbili, mashine inasema ngapi?”

Mwenyekiti akanigeukia. Kompyuta yangu ilikuwa wazi mezani, nikaiuliza.

“Laki moja, elfu saba na mia tano,” nilisema.

Alipitisha kidole kwenye karatasi yake, taratibu, mpaka mstari wa nane, na ukumbi mzima ukamsubiri.

“Sawa,” alisema, akaifunga folda.